Gari Litafika? Mbio za Magari na Barabara ya Rufiji

Malalamiko kwamba mbio za magari zimekwisha utamu si ya Afrika Mashariki peke yake. Marekani, ambako mbio za magari ya dukani ni mchezo wa mamilioni chini ya NASCAR, shindano la Daytona 500 lilitazamwa kwenye televisheni na watu wapatao milioni 19 mwaka 2006. Kufikia 2023 watazamaji walikuwa wamepungua hata wasifike nusu ya hapo. Sababu zinazotolewa huko ni nyingi: kanuni za pointi zinabadilishwa kila mara, madereva wenye majina wamestaafu, vijana wanapenda simu kuliko injini. Huenda zote zina ukweli ndani yake, ila nadhani zinaanzia mwisho wa hadithi. Chanzo chake kinaonekana vizuri zaidi mahali ambapo hapajawahi kuhesabiwa kuwa nyumbani kwa mchezo huu, yaani Kibiti, Ikwiriri na bonde la chini la mto Rufiji. Huko, kwa karibu nusu karne, kila lori na kila basi lililoondoka wakati wa masika lilisafiri na swali moja: gari litafika? Swali hilohilo ndilo lililoyapa mashindano ya Safari Rally mvuto wake. Mbio zilipoacha kuliuliza, zikabaki kasi na kelele tu.

Kanuni ya mwanzo ilikuwa moja pande zote mbili za bahari: gari liwe kama lilivyotoka dukani. Mbio za kwanza za NASCAR za magari ya dukani zilifanyika Charlotte, North Carolina, tarehe 19 Juni 1949. Aliyetangulia kumaliza alikuwa Glenn Dunaway na Ford yake, lakini wakaguzi walipochungulia uvunguni wakakuta springi za nyuma zimeimarishwa, kama walivyofanya wasafirishaji wa pombe haramu ili gari lenye mzigo lisilale nyuma na kuwashtua polisi. Dunaway akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper aliyeendesha Lincoln. Kwa kanuni hiyo sijui ni lori gani la mkaa kutoka Kibiti lingepita ukaguzi, maana kuongeza bledi za springi ni kazi ya kwanza anayopewa fundi wa huko. Lakini wazo lenyewe lilikuwa zuri: mtazamaji aone uwanjani gari lilelile analoweza kulikuta kwa jirani yake.

Kenya nako, mwanzoni mwa miaka ya 1950, Eric Cecil alimshawishi binamu yake Neil Vincent ashiriki mbio za kuzunguka uwanja wa Langa Langa karibu na Gilgil. Vincent akakataa. Kuzunguka mahali pamoja kulimchosha hata kabla ya kuanza. Alichotaka yeye ni kuingia garini, kufunga mlango, kukatiza nusu ya Afrika na kurudi, na atakayetangulia kufika nyumbani awe ndiye mshindi. Mzaha huo ndio uliozaa Coronation Safari, mashindano yaliyokuja kuitwa Safari Rally, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwishoni mwa Mei 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalitakiwa yawe kama yalivyotoka dukani, na madaraja yalipangwa kwa bei ya gari badala ya ukubwa wa injini. Kanuni hiyo ya bei haijapewa heshima inayostahili. Ilimaanisha kwamba mwenye gari la bei nafuu hakulazimika kushindana na tajiri. Alishindana na watu wa kiwango chake, na mtazamaji aliyekuwa akidunduliza fedha za gari alipata jibu la swali lake mwenyewe.

Waandaaji hawakukawia kuyahamishia mashindano wakati wa Pasaka, wakijua kabisa kwamba huo ndio msimu wa masika. Mvua ikawa mshindani wa kwanza. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakamaliza 7. Mwaka 1968 yakamaliza 7 tena. Mara zote hizo mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Aina hiyohiyo ya gari ndiyo iliyompa ushindi Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa akiishi Tanzania, mwaka 1966 na tena 1967, akiwa na Chris Rothwell. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 na ndugu yake Jaswant kwa Volvo iliyokwisha kutumika na wengine. Baadhi ya magari ya mashindano yalifungwa vishikio kwenye buti na vikanyagio kwenye bampa la nyuma, ili gari likianza kuteleza msoma ramani atoke, asimame nyuma na kurukaruka, tairi zipate kushika ardhi. Watu wa barabara ya kusini hawakuhitaji kufafanuliwa picha hiyo. Walikuwa wakiiona kwa utingo kila wiki.

Sidai kwamba Safari ilikuwa ya Rufiji. Njia zake zilizotajwa sana upande wetu zilikuwa za kaskazini na kati: milima ya Usambara, Mbulu, Morogoro. Lakini ukitaka kujua ni nini hasa mashindano yale yalikuwa yakiigiza, tazama barabara ya Kilwa. Hutoka Dar es Salaam ikapita Mkuranga, Bungu na Kibiti, ikashuka Ikwiriri, kisha ikakutana na mto mkubwa kuliko yote nchini. Kabla ya daraja, hapo Ndundu palikuwa na pantoni. Kiangazi mchanga ulizamisha magurudumu. Masika udongo mweusi wa bondeni uligeuka ute, mto ukapanda, pantoni ikasimama, na foleni ya malori na mabasi ikalala ng'amboni siku kadhaa. Wa Lindi na Mtwara waliokuwa na haraka waliangalia meli. Wasio na haraka, au wasio na nauli ya pili, walijifunza kukaa.

Lori likizama, utingo hushuka na jembe na panga. Huchimba tope mbele ya kila tairi, hukata matawi ya mikorosho na makuti, huyalaza kwa mtindo wa mkeka, halafu hupiga bodi kwa kiganja kumwashiria dereva. Dereva mzoefu hatii mafuta kwa pupa, kwa sababu tairi linalozunguka bure hujichimbia zaidi. Hutia gia ya kwanza, huachia klachi polepole, hurudi nyuma kidogo, huja mbele kidogo, mpaka gari lijisugulie njia. Abiria husukuma. Wanakijiji huja, wengine kwa huruma, wengine kwa ujira, na wote huwa na maoni. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu katika Operesheni Rufiji, na baadhi ya vijiji hivyo vilikuwa kando ya barabara hiyo. Kwa hiyo kizazi kizima kilikulia mbele ya jukwaa la matope. Kilijua kwa macho lori gani lina moyo na lipi lina rangi tu, ekseli ya nani hukatika, dereva gani hukata tamaa saa kumi jioni. Anayejua mambo hayo akisikia redioni kwamba gari fulani limekwama Mbulu na lingine limepita, hahitaji kuliona. Anazo tayari picha zote. Na mtoto wake anayetengeneza gari la makopo lenye magurudumu ya kandambili huweka springi za mpira, kwa sababu ameshaona kwamba gari lisilo na springi halifiki.

Hapo ndipo naona kiini cha mvuto. Mtazamaji wa mchezo wowote hufurahia zaidi pale anapoweza kuhukumu, naye huhukumu vizuri kile anachokifanya au kinachomsumbua mwenyewe. Mcheza bao wa kijiweni hutazama bao kwa namna ambayo mgeni hawezi. Mbio za miaka ya 1950 na 1960 ziliwapa mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki nafasi hiyo ya uhakimu bila kuwadai kiingilio, kwa kuwa barabara ilikuwa yao, mvua ilikuwa yao, na gari, hata kama halikuwa lao, lilikuwa la aina iliyowabeba.

Pingamizi la kwanza ni zito, wala si haki kulipitia juu juu. Mashindano yalizaliwa kwa ajili ya kutawazwa kwa malkia wa wakoloni, mwaka ambao Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari kwa sababu ya Mau Mau. Waliokuwa garini walikuwa Wazungu, na Waasia wachache kama D. P. Marwaha aliyeshinda mwaka 1954 akiwa na Vic Preston katika Volkswagen. Mwafrika alikuwa msukumaji. Je, huu si mvuto wa mtumwa kwa karamu ya bwana? Ingekuwa hivyo, mashindano yangekufa na bendera ya Mwingereza. Hayakufa. Mwaka 1960 yalibadili jina yakawa East African Safari, yakaingia uhuru wa nchi zote tatu, na mwaka 1972 Dar es Salaam ikawa kituo cha kuanzia. Mshindi wa mwaka huo, Hannu Mikkola wa Finland, alikuwa wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki. Kwa karibu miaka ishirini wataalamu wa Ulaya walikuwa wamekuja na kushindwa na watu wanaoishi huku. Ubaguzi wa nani anashika usukani ulikuwa wa kweli, na ulichukua muda mrefu mno kupungua, mpaka enzi za akina Patrick Njiru wa Kenya na Charles Muhangi wa Uganda, aliyetwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999. Lakini elimu ya kuhukumu gari matopeni haikuwa ya mkoloni. Msukumaji alikuwa nayo kuliko aliyekuwa ndani.

Kwa Mtanzania mchezo huu ulianza kuchuja mapema kuliko wengi wanavyokumbuka, na teknolojia haikuwa ya kwanza kulaumiwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikitetereka, mafuta yalipanda bei baada ya 1973, na kufikia katikati ya miaka ya 1970 njia za mashindano zilikuwa zimebaki Kenya peke yake, jina nalo likawa Safari Rally tu. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika na mpaka ukafungwa. Huku kwetu ikafuata vita ya Kagera, uhaba wa spea, na marufuku ya magari binafsi kutembea Jumapili mchana. Katika nchi ambayo mwenye gari hakuruhusiwa kuliendesha Jumapili, kuzungumzia mbio za magari kulikuwa anasa isiyo na adabu. Barabara ya Kilwa iliendelea na rali yake, bila saa na bila zawadi.

Upande wa pili wa mpaka, kampuni za Ulaya na Japani zilikuwa zimeigeuza Safari kuwa maabara yao. Helikopta zikaruka mbele ya dereva kumwarifu kuna nini baada ya kona. Mafundi wakapangwa kila baada ya umbali fulani na spea kamili, hata gari likivunjika likawa halivunjiki. Bado palikuwa na uzi ulioliunganisha na barabara ya kawaida: kwa kanuni za miaka ya mwisho ya 1980 kiwanda kilipaswa kutengeneza magari 5,000 ya aina hiyo ya kuuzwa kabla ya kuruhusiwa kushindana. Ndiyo sababu Subaru na Mitsubishi Lancer za mtumba zilizokuja kuletwa Dar es Salaam kutoka Japani zilikuja na sifa za rali, na vijana wakazipenda kwa sababu yenye mantiki. Mwaka 1997 kanuni mpya zikaulegeza uzi huo. Kiwanda hakikulazimika tena kuuza gari lenye mitambo ile. Mwaka huohuo Colin McRae alishinda Safari kwa Subaru, na wengi hawakutambua kwamba Subaru ile haikuwa tena ndugu wa damu wa ile iliyoegeshwa Kariakoo.

Kisha yakaja mambo matatu karibu kwa pamoja. Mwaka 2002 Safari ilifanyika kwa mara ya mwisho katika ubingwa wa dunia kabla ya kuondolewa. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, likafunguliwa juu ya Rufiji. Mwaka huohuo yakaanzishwa mashindano ya magari ya zamani, East African Safari Classic, kuadhimisha miaka 50 tangu Coronation Safari. Mambo haya hayakuandaliwa na mtu mmoja, lakini ukiyaweka pamoja yanasema mengi. Lile la katikati ndilo kubwa. Pantoni ya Ndundu ikastaafu. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 tu, kilichukua takriban miaka kumi zaidi kupata lami, na katika miaka hiyo kiliendelea kuwatesa watu wa kusini; lakini mwisho wake ulikuwa umeshajulikana. Leo basi linaondoka Dar es Salaam alfajiri, abiria anashuka Kibiti kabla chai haijapoa tumboni, na anayekwenda Mtwara anauliza litafika saa ngapi. Hakuna mwenye akili timamu Ikwiriri anayelilia matope yale. Mama mjamzito aliyelala ng'amboni akingoja mto ushuke hakuwa mtazamaji wa mchezo wowote.

Kwa hiyo nawapinga wanaosema waandaaji wameuharibu mchezo, kwamba wangeacha mambo kama zamani mvuto ungebaki. Mashindano ya Classic ni ushahidi dhidi yao. Magari ni ya zamani kweli, njia ni ndefu, Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na Björn Waldegård, bingwa wa zamani, aliyashinda mwaka 2007 kwa Ford Escort na 2011 kwa Porsche 911. Kila kitu kipo isipokuwa mtazamaji hakimu. Porsche ya zamani iliyojengwa upya kwa fedha nyingi Ulaya na kuletwa kwa meli haimwambii mkulima wa korosho wa Bungu lolote kuhusu lori linalobeba magunia yake.

Wapo watakaotaja Naivasha, Kenya. Safari ilirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, umati ukajaa, na mwaka 2024 ikarudishwa wakati wa Pasaka kama enzi zile. Umati huo ni wa kweli na furaha yake ni ya kweli. Lakini tazama kinachoshangiliwa. Mwaka 2021 kilomita za kushindana zilikuwa 320 hivi, nyingi katika njia zilizofungwa ndani ya mashamba na hifadhi. Tangu 2022 magari ya daraja la juu yanaruhusiwa kujengwa juu ya fremu ya mabomba badala ya bodi ya kiwandani; mwaka huohuo, kwa bahati ya ajabu, NASCAR nayo ilileta gari jipya ambalo fremu na sehemu zake nyingi hutoka kwa watengenezaji walewale kwa timu zote, likavikwa sura ya Ford, Chevrolet au Toyota. Mwaka 2022 Toyota walishika nafasi nne za kwanza Naivasha. Jina la Toyota limejaa Kibiti kote, kuanzia Hiace za abiria hadi Land Cruiser za miradi, na halijawahi kuwa na maana ndogo kiasi hicho kwa mtazamaji. Anashangilia tamasha, kama anavyoshangilia fataki. Fataki hupendeza, lakini hakuna anayebishana juu yake wiki nzima baadaye.

Kuna wanaosema ni mpira tu: Simba, Yanga na ligi ya Uingereza kwenye vibanda umiza vimewanyakua watazamaji wote. Hilo linathibitisha hoja kuliko kuipinga, kwani mpira ni mchezo ambao kila mtu ameucheza pekupeku na kila mtu ni hakimu. Wengine wanasema mvuto haukufa, umehamia kwenye mabasi, na kwamba abiria wa kusini walikuwa wakishangilia madereva wanaokimbizana kwenye lami mpya. Ni kweli walikuwepo, na makaburi ya ajali ni shahidi. Vidhibiti mwendo na vifaa vya kufuatilia mabasi vinavyosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, vimewekwa kwa sababu hiyo, na vibaki hapo hapo.

Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotua karibu na kisiwa cha Mafia, maji yalikata barabara ya Lindi eneo la Somanga na mabasi yakasimama siku kadhaa. Ghafla kila mtu akawa anauliza tena gari lipi linaweza kupita, kwa njia ipi, na dereva gani. Kwenye delta ya Rufiji kwenyewe, Salale, Msala na Mbwera, ambako lori halifiki kabisa, swali hilo halijawahi kuondoka; huko huulizwa juu ya mashua ya boriti na boti ya Nyamisati, na kijana anayesifu ngalawa ya baba yake anasifu chombo kilekile kitakachokwenda kuvua kesho. Wapenzi wa rali nchini, wanaokutana Morogoro, Iringa na Bagamoyo, wangeweza kuirudisha kanuni ya bei ya 1953 bila kungoja ruhusa ya Ulaya: daraja la magari ya mtumba yanayouzwa chini ya kiwango fulani, bodi ya kiwandani, fundi mmoja, spea zinazopatikana Kibiti au Ikwiriri, mkanda na roli keji kwa usalama, njia ifungwe kwa watembea kwa miguu. Itasemwa kwamba hakuna mdhamini atakayelipia kuona Toyota IST ikikwama. Labda. Lakini Bert Shankland alishinda mara mbili kwa gari la familia, na waliokuwa na gari kama hilo walijua kwa nini.